Kuihoji Tezi

Mtu akitoka Buyenzi kuelekea Zone Industrielle ya Bujumbura, pua humtangulia. Upepo ukigeuka, harufu ya kimea kilichochemshwa hufika barabarani kabla ya ukuta wa kiwanda kuonekana. Hapo ndipo Brarudi inapotengeneza Primus na Amstel, kazi iliyoanza miaka ya 1950. Wengi wetu wa Buyenzi ni Waislamu na bia haituhusu, lakini kinachofanyika ndani ya matangi yale kina mafunzo kwa kila mtu. Hamira hulishwa sukari ya nafaka, hupewa baridi inayoifaa, kisha huachiwa kazi yake kwa siku kadhaa. Fundi haiamrishi. Husoma kipimajoto, huchukua sampuli, husubiri, na husafisha vyombo bila kuchoka, maana kijidudu kigeni kikipenya, tangi zima hupotea.

Ufundi huohuo, wa kumfuga kiumbe asiyeonekana kwa macho na kumlisha ndani ya chuma, ndio unaowapa dawa watoto ambao tezi yao ya pituitari haitoi homoni ya ukuaji. Mwaka 1979 watafiti wa kampuni ya Genentech huko California walifaulu kuiweka jeni ya homoni hiyo ya binadamu ndani ya bakteria wa kawaida wa utumbo, Escherichia coli. Bakteria hao hawataki baridi. Wanataka joto la mwili, nyuzi 37, na hewa inayopulizwa ndani ya tangi mfululizo. Tena kinachotafutwa hakimo ndani ya maji yaliyochachuka. Kimo ndani ya bakteria wenyewe. Kwa hiyo wakishajaa tangi hukusanywa, hupasuliwa, na ile protini husafishwa hatua kwa hatua mpaka isibaki chembe ya kilichoizaa. Mwishoni unapata mnyororo wa asidi amino 191 uliokunjwa sawasawa, dawa ambayo kwa kawaida hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kutoka kiwandani hadi itakapochomwa kwenye paja la mtoto. Marekani iliidhinisha aina ya kwanza ya dawa hiyo Oktoba 1985.

Kabla ya hapo dawa ilitoka kwa maiti. Homoni ya ng'ombe haimfai binadamu, kwa hiyo Maurice Raben, daktari wa Boston, alikusanya tezi za watu waliokufa, akachuja homoni yake, na mwaka 1958 akatangaza kwamba kijana aliyekuwa amedumaa kwa ukosefu wa homoni hiyo ameanza kurefuka. Kwa zaidi ya miaka 25 watoto wengi duniani walitibiwa hivyo. Kisha, mwaka 1985, vikagundulika vifo vya vijana waliokuwa wametumia dawa ile. Ndani ya baadhi ya tezi kulikuwa na chanzo cha ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, ambao hujificha mwilini miaka mingi na hauna tiba. Ufaransa peke yake ilipoteza zaidi ya watu 100. Nawataja kwa sababu dawa safi ya leo, inayotoka kwenye tangi, imesimama juu ya makaburi yao, na sifa za sayansi zisizotaja makaburi ni sifa pungufu.

Lakini dawa ni sehemu ya mwisho ya kazi. Ninachotaka kukisifu zaidi ni kile kinachotangulia: namna mtafiti anavyojua kwamba tatizo la mtoto huyu liko kwenye tezi na la yule haliko hapo kabisa.

Tezi ya pituitari, ambayo madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa huiita hypophyse, ina ukubwa wa kama punje ya njegere na uzito wa nusu gramu hivi. Inaning'inia chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Huwezi kuigusa wala kuisikiliza kwa kipimo cha kifuani. Inatoa homoni ya ukuaji kwa mafungu, zaidi usiku mtu akiwa usingizini, na fungu likishaingia kwenye damu nusu yake hutoweka kwa muda wa dakika 20 au pungufu. Kwa hiyo ukimchoma mtoto mchana ukapima damu yake, unaweza kukuta karibu hakuna kitu, na mtoto ni mzima kabisa. Kipimo cha mara moja hakisemi chochote. Hapo ndipo ufundi unapoanza.

Kwanza ilibidi kuwe na njia ya kupima kitu kidogo namna hiyo. Kiasi chenyewe ni nanogramu chache katika mililita moja ya damu, yaani sehemu chache kati ya sehemu bilioni moja za gramu. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wakifanya kazi katika hospitali ya maveterani huko Bronx, New York, walipata njia mwishoni mwa miaka ya 1950. Walichukua homoni wakaitia alama ya mionzi, wakaichanganya na kingamwili zinazoishika, kisha wakaongeza damu ya mgonjwa. Homoni ya mgonjwa inagombania nafasi na ile yenye alama. Ikiwa nyingi, ile yenye alama inasukumwa nje. Ikiwa kidogo, ile yenye alama inabaki imeshikwa. Unahesabu mionzi, unapata jibu. Yalow na Berson hawakuomba hataza ya njia hiyo. Waliiacha itumiwe na kila maabara duniani. Berson alifariki 1972, na Yalow akapokea Tuzo ya Nobel 1977.

Mwaka 1963 Yalow na Berson, pamoja na Seymour Glick na Jesse Roth, walionyesha jambo ambalo hadi leo linatumika kwenye hospitali za rufaa. Sukari ya damu ikishuka ghafla, tezi nzima hushtuka na kumwaga homoni ya ukuaji. Basi ikawa kwamba tezi isiyojibu kwa hiari inaweza kuchokozwa.

Kipimo chenyewe ni cha kutazama kwa makini. Mtoto analala bila kula. Asubuhi anawekewa mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono ili asichomwe mara kwa mara, na damu ya kwanza inachukuliwa akiwa ametulia. Kisha daktari anampa insulini kidogo, iliyopigiwa hesabu kwa uzito wake. Baada ya kama nusu saa jasho linamtoka kwenye paji la uso, njaa inambana, macho yanalegea. Hiyo ndiyo dakika inayotafutwa, na ndiyo dakika ya hatari. Daktari haondoki kando ya kitanda. Sindano ya glukosi iko tayari kwenye sinia. Kila baada ya dakika 15 au 30 damu nyingine inachukuliwa, chupa inaandikwa saa, na kazi inaendelea kwa muda wa saa mbili. Mwishoni mtoto anapewa chakula na anaangaliwa mpaka sukari yake irudi. Kutoka kwenye chupa zile panachorwa mstari. Ukipanda, tezi haina hatia. Ukibaki chini, na kipimo cha pili cha aina nyingine kikisema hivyohivyo, ndipo daktari anapothubutu kuandika jina la ugonjwa.

Napenda kwamba ushahidi mmoja hautoshi. Katika fani hii mtoto hahukumiwi kwa mstari mmoja.

Afrika iliingia mapema kwenye habari hii, na iliingia kwa mlango wa njaa. Mwaka 1966 Bernard Pimstone na wenzake wa Cape Town waliwapima watoto wenye unyafuzi, wale wenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi. Mtu angetarajia tezi iliyochoka. Walikuta kinyume chake: homoni ya ukuaji ilikuwa juu, juu kuliko ya watoto walioshiba, na ilishuka baada ya mtoto kulishwa protini. Kampala nako, kwenye kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto kilichokuwa Mulago, kundi la Roger Whitehead halikungoja mtoto aletwe akiwa amevimba. Liliwafuata watoto kabla ya ugonjwa, likachukua damu kwa vipindi, na mwaka 1973 likaonyesha jinsi insulini inavyopungua huku kotisoli na homoni ya ukuaji zikipanda kadiri mtoto anavyoukaribia unyafuzi.

Maana yake ni nzito. Mtoto mwenye njaa hakosi homoni ya ukuaji. Tezi yake inapiga kelele. Kinachokosekana ni jibu la ini. Maana homoni ya ukuaji, kama William Daughaday na William Salmon wa St. Louis walivyoanza kuonyesha mwaka 1957, kwa sehemu kubwa hairefushi mfupa moja kwa moja. Inaliamuru ini, na viungo vingine, vitoe homoni ya pili, ambayo leo inajulikana kama IGF-1, na hiyo ndiyo inayofanya kazi kwenye gegedu la ncha za mifupa. Ini lisilo na protini wala nguvu ya kutosha linakataa amri. Mwili umeamua kuishi kwanza, kurefuka baadaye.

Wakati huohuo swali jingine lilikuwa likiulizwa msituni. Mbona Wabambuti na Waefe wa Ituri, Waaka na Wabaka wa magharibi mwa bonde la Kongo, na Watwa wa maziwa makuu wana kimo kifupi, ilhali viungo vyao vina uwiano mzuri na wana nguvu za kuwinda na kutembea kutwa? David Rimoin na Thomas Merimee, madaktari wa Marekani, walifanya kazi na Luca Cavalli-Sforza, mtaalamu wa jenetiki kutoka Italia, aliyekuwa akiongoza safari za utafiti katika misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Walibeba swali la hospitali kwenda mahali pasipo umeme. Fikiria kazi hiyo: damu ikishachukuliwa lazima itengwe, ule umajimaji wa juu ugandishwe, na usiyeyuke njia nzima hadi kwenye maabara ya bara jingine. Siku moja ya joto inaweza kufuta juhudi za msimu mzima.

Jibu la kwanza, lililotoka katika jarida la Lancet mwaka 1967, liliondoa mshukiwa wa kwanza. Tezi zao zilichokozwa, zikajibu vizuri. Homoni ilikuwepo tele. Jibu la pili, mwaka 1969, lilisema kwamba hata wakipewa homoni ya nyongeza, miili yao haibadiliki kama inavyotarajiwa. Kwa hiyo mtumaji yuko sawa na ujumbe umetumwa. Shida iko kwenye upokeaji. Mwaka 1981 Merimee, safari hii pamoja na Jürgen Zapf na Rudolf Froesch wa Zürich waliokuwa mabingwa wa kupima IGF, wakaripoti upungufu wa IGF-1. Mwaka 1987 Merimee na wenzake wakaongeza jambo la umri: watoto wadogo walikuwa na IGF-1 kama wenzao wa mahali pengine, lakini walipofika balehe haikupanda, ikabaki kama theluthi ya ile ya vijana wengine. Mwaka 1989 ikaonekana kwamba hata protini inayobeba homoni ya ukuaji kwenye damu, ambayo kwa kweli ni kipande cha kipokezi chenyewe, iko chini.

Miaka 22 kwa swali moja. Merimee angeweza kuridhika na jibu la 1969, akaliita fumbo la msitu, akaenda kutibu kisukari. Alirudi tena na tena kwenye swali lilelile, kila mara akiwa na kipimo kipya, na kila jibu likimpunguzia mahali pa kutafuta. Ni kazi isiyo na vishindo, na sijui sifa inayoitosha.

Hata hivyo palikuwa na tundu, na aliyeliona hakuwa mtu wa maabara. Robert Bailey, mwanaanthropolojia wa Marekani, alianza miaka ya 1980 kuishi na kufanya utafiti huko Ituri, katika vijiji vya Walese wanaolima na kambi za Waefe wanaoishi jirani nao, sehemu ambako Kiswahili cha Kingwana ndicho lugha ya barabarani na sokoni. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema na ngumu kuitimiza. Huwezi kusema mtoto anarefuka upesi au polepole kama hujui alizaliwa lini. Watafiti wengi kabla yake walikadiria umri kwa kutazama meno na mwili. Mtoto mfupi hukadiriwa kuwa mdogo kuliko alivyo, na mara mstari wote wa ukuaji unapinda.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kusubiri watoto wazaliwe. Mama akijifungua, tarehe inaandikwa. Kisha mtoto huyohuyo anapimwa, anapimwa tena, na tena, miaka na miaka. Na kupima urefu wa mtoto mchanga si jambo la kumwekea utepe. Kunahitaji ubao wenye kichwa kisichosogea na kibao cha miguuni kinachoteleza. Kunahitaji watu wawili. Mmoja anashika kichwa kwa viganja viwili, masikio yakiwa katikati ya vidole, mpaka utosi uguse ubao na macho yatazame juu. Mwingine anaweka mkono juu ya magoti, anayanyoosha kwa upole, maana mtoto hukunja miguu kwa asili yake, kisha anasukuma kibao mpaka kiguse visigino vyote viwili, vidole vikiwa juu. Anasoma hadi milimita, anatamka kwa sauti, mwenzake anarudia kabla ya kuandika. Halafu mtoto anainuliwa, analazwa upya, na kazi inafanywa mara ya pili. Mtoto aliyelala ni mrefu kuliko akisimama kwa kama milimita 7, kwa hiyo hata namna ya kupima lazima iandikwe. Aliyezembea milimita 5 leo na milimita 5 mwezi ujao ameshaharibu kile alichotembea msituni kukitafuta.

Mwaka 1991 Bailey alitoa matokeo. Watoto wa Waefe walikuwa wafupi kuliko wa Walese tangu kuzaliwa, na katika miaka mitano ya kwanza tofauti ilizidi kupanuka. Habari ya balehe peke yake haikutosha tena. Damu ya Merimee ilikuwa imesema ukweli, ila ukweli wa sura ya mwisho. Daftari la Bailey likafungua sura ya kwanza. (Wasomaji wa Kisumu huenda wanamjua Bailey kwa kazi nyingine: ndiye aliyeongoza utafiti wa tohara na VVU kwa wanaume 2,784, uliochapishwa mwaka 2007. Mtu aliyejifunza subira kwenye ubao wa kupimia watoto hakuipoteza.)

Baadaye chembe za damu za Waefe zilikuzwa katika maabara ya Los Angeles na Mitchell Geffner na David Golde, Bailey akiwa mmoja wao. Ilipofika 1995 walikuwa wameonyesha kwamba hata nje ya mwili, mbali na njaa na malaria ya msituni, chembe hizo haziitikii IGF-1 kama za wengine. Kisha zikaja jeni. Mwaka 2014 George Perry, Luis Barreiro na wenzao walichapisha utafiti juu ya Watwa wa kusini-magharibi mwa Uganda na majirani zao Wakiga, wakapata sehemu 16 za jenomu zinazohusiana na kimo, baadhi zikiangukia karibu na jeni zinazogusa njia ya homoni ya ukuaji. Na mwaka uliofuata Fernando Ramirez Rozzi alionyesha kwamba watoto wa Wabaka wa Kameruni, tofauti na Waefe, huzaliwa na urefu wa kawaida kisha hupunguza mwendo katika miaka miwili ya kwanza. Kimo kilekile kimefikiwa kwa njia mbili tofauti. Alilijuaje hilo? Kwa kumbukumbu za kuzaliwa zilizotunzwa na misheni ya Kikatoliki. Daftari tena.

Nina deni la kulisema hapa. Watwa wa Bwindi waliotoa mate na damu kwa ajili ya sayansi walikuwa wameondolewa msituni mwaka 1991 ilipotangazwa hifadhi ya taifa, na wengi hawakupewa ardhi. Hapa Burundi katiba ya 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu katika kila baraza la bunge, hatua ya heshima, lakini kwenye vilima familia nyingi za Kitwa bado hazina shamba. Utafiti wa kimo chao umewafundisha madaktari wa dunia nzima jinsi homoni inavyoweza kuwepo na isisikike. Watoto wao wanastahili zahanati iliyo karibu na kadi ya kliniki kama mtoto mwingine yeyote. Nasema hivi kwa kuamini kwamba aliyepima mwili wa mtu ana wajibu kwake.

Sasa turudi kwenye vipimo vya nyumbani. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Karibu wote si wagonjwa wa tezi. Ni wale ambao Mulago ilishatuonyesha: tezi inatoa amri, ini halina cha kutekelezea, utumbo umechoka kwa kuhara, na siku 1,000 za kwanza zinapita. Kuwachoma homoni ya ukuaji kungekuwa kupoteza dawa, kwa sababu hawana upungufu wake. Wanachohitaji ni maharage, mayai, ndagala, maji safi na mama aliyekula vizuri akiwa mjamzito. Lakini ndani ya kundi hilo kubwa wamo wachache ambao tezi yao kweli imeshindwa, na tusipopima hawa wachache watafichwa na wengi. Kutokana na haja hiyo mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto yalianzishwa Nairobi mwaka 2008, ili nchi zetu ziache kuwapeleka watoto ng'ambo kwa swali ambalo linaweza kuulizwa hapa.

Upo pia ugonjwa wa pituitari unaowahusu mama zetu. Mwaka 1937 Harold Sheehan wa Glasgow alieleza kwamba mwanamke akitokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua, tezi hiyo, ambayo huwa imekua katika ujauzito na inahitaji damu zaidi, inaweza kufa kwa kukosa damu. Mama anaokoka, anarudi nyumbani, na maziwa hayatoki. Hedhi hairudi. Anahisi baridi, anachoka, nywele za mwilini zinapukutika, shinikizo la damu linashuka. Anaweza kuishi hivyo miaka mingi akiambiwa ni mvivu au amerogwa. Anayemgundua mara nyingi hana mashine. Ana swali: ulipojifungua ulitokwa na damu nyingi, na je, maziwa yalitoka? Dawa za kumrudishia homoni muhimu ni vidonge vya siku nyingi na vya bei nafuu, ila mpangilio wake ni wa daktari, maana dawa ya kotisoli hutangulia na ya tezi ya shingo hufuata. Ukigeuza unaweza kumuua.

Mwisho nina neno kwa watu wa aina mbili. Wauguzi na wakunga wa vituo vya afya: uzito peke yake hautoshi. Andikeni tarehe ya kuzaliwa, na kila mtoto anapokuja, mlazeni kwenye ubao, pimeni urefu watu wawili, mara mbili, muandike hadi milimita. Na wazazi: anayeuza dawa ya kurefusha watu wazima anawadanganya, kwa sababu ncha za mifupa zikishafunga hakuna homoni inayozirefusha, na homoni ya ukuaji itavimbisha tu mikono, taya na moyo. Lakini mtoto wa zaidi ya miaka minne ambaye bado hajabalehe na anaongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka, mpelekeni hospitali na kadi yake mkononi. Kadi hiyo ndiyo itakayomwambia daktari aanze kuuliza wapi.